Mama Namba na Barua ya Chumba cha Watoto

Wazee wetu, mama zetu, ndugu, majirani, na nyinyi watumishi mliofanya kazi na marehemu, mliokuja kwa pamoja kutoka kazini kwake, familia imenikabidhi kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu, na kabla sijaanza ninawaomba radhi kwa jambo moja, kwamba maandishi haya yana tarehe nyingi kuliko ilivyo kawaida. Mimi kitindamimba wake nilikuwa nimekusudia kumtungia beti, kwa kuwa ndiyo kazi niliyofundishwa, lakini alinikataza akiwa kitandani, akasema, “Usiniimbie, baba, niandikie tarehe,” kisha akanitajia moja baada ya nyingine, akafumba macho, akasubiri kusikia kama kalamu inatembea.

KUZALIWA NA ELIMU

Mama yetu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1962, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi cherehani na mwuza mboga, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, mahali ambapo, kwa maneno yake mwenyewe, mtu alinukia usafi hata siku asiyooga. Alitakiwa kuanza shule Januari 1969, akaanza Januari 1970, kwa sababu mwaka ule mzima alikuwa amembeba mdogo wake mgongoni ili mama yake aweze kukaa gengeni, na mdogo huyo, ambaye ni mama yetu mdogo, ameketi hapa mbele, na amenituma niseme kwamba mgongo ule anaukumbuka.

Alimaliza shule ya msingi Novemba 1976, akasoma sekondari ya wasichana kuanzia Januari 1977 hadi Novemba 1980, akajulikana huko kwa mwandiko wake ulionyooka kama mstari wa rula, kisha akajiunga na chuo cha makarani Februari 1981, akahitimu tarehe 26 Novemba 1982, wa kwanza katika somo la utunzaji wa kumbukumbu. Tangu hapo hakuacha tena kupanga na kuhesabu, hata nyumbani kwake kopo la sukari lilikuwa namba moja na la chumvi namba mbili, viatu vyetu vilikuwa na namba ndani ya kisigino, na mgeni aliyeazima mwavuli aliandikiwa tarehe ya kuurudisha, ndiyo maana mtaa mzima, pamoja na wengi wenu mliopo, mlimwita Mama Namba, naye akaitika.

KAZI

Aliajiriwa serikalini Jumatatu, tarehe 3 Januari 1983, karani wa masjala daraja la tatu, katika chumba kilicho mwisho wa ukumbi wa ghorofa ya chini, chenye dirisha moja la wavu, rafu kumi na mbili za chuma, meza yenye droo inayokwama, na misumari minne nyuma ya mlango ya kutundikia funguo. Katika chumba hicho alikaa miaka thelathini na tisa na miezi miwili.

Kwa faida ya wasioijua kazi ya masjala, naomba niieleze kwa ufupi. Kila barua inayoingia ofisini hupewa namba kwa kalamu nyekundu, hutiwa katika faili lake, na faili hupelekwa kwa mkubwa wa idara, naye akiandika kwamba jambo hilo lirudi kwake baada ya miezi sita, karani huliandika faili hilo katika daftari la kumbusho, kwenye ukurasa wa siku ile, hulirudisha rafuni, na siku ile ikifika hulitoa na kulipeleka tena mezani kwa mkubwa. Daftari hili la kumbusho naomba mlishike, kwa maana mama yetu aliishi ndani yake.

NDOA

Jumamosi, tarehe 22 Desemba 1984, alifunga ndoa na baba yetu, fundi wa simu, mtu wa vituo vya mbali, aliyerudi nyumbani mara moja kwa mwezi na mfuko wa nguo chafu, na aliyependa kutania kwamba ameunganisha watu wa nchi nzima isipokuwa yeye na mke wake. Waliishi kwa heshima na masikilizano hadi baba alipotutoka tarehe 3 Aprili 2009.

WATOTO

Desturi inataka sehemu ya kazi isomwe peke yake na ya watoto peke yake, lakini tulipojaribu kuzitenga tulishindwa, kwa hiyo nitazisoma pamoja, kama alivyoziishi.

Dada yetu mkubwa alizaliwa tarehe 9 Juni 1987, na baada ya likizo ya siku themanini na nne mama alirudi kazini Jumanne, tarehe 1 Septemba, akiwa na haki ya saa mbili kila siku za kwenda kunyonyesha. Kutoka masjala hadi nyumbani ni mwendo wa dakika hamsini kwa miguu, na kurudi ni hamsini nyingine, kwa hiyo haki ile ilimbakizia dakika ishirini, za kunyonyesha, kubadilisha nepi na kulia, nazo alizigawa sawasawa. Tarehe 21 Septemba msichana aliyemsaidia nyumbani aliondoka kwenda kuolewa, na kesho yake mama aliingia ofisini na kikapu, akamlaza dada katika boksi la karatasi za kupigia chapa, kati ya rafu ya saba na ya nane, akalipa boksi lile jina la Faili la Muda.

Tarishi wa siku zile, ambaye yupo nasi leo na ambaye wengi mnamwita Mzee Kikohozi, alijitolea kukaa ukumbini na kukohoa mara tatu kila mkubwa alipotoka chumbani kwake, hadi mkubwa akamwambia, “Wewe mzee, nenda hospitali, hicho kifua kitakuua,” naye akajibu, “Mkubwa, ni vumbi la mafaili tu, huja na kuondoka.” Lakini siku moja Mzee Kikohozi alikuwa ametumwa posta, mkubwa akaingia masjala pasipo kikohozi, na mtoto akalia.

Mkubwa aliuliza, “Dada, humu ndani mna paka?”

Mama akajibu, “Ndiyo, mkubwa, wa kukamata panya wanaokula mafaili,” na mkubwa akatikisa kichwa, akatoka. Siku ya tatu ukaja waraka wa kupiga marufuku watoto na wanyama katika majengo ya ofisi, na waraka ule, kama karatasi nyingine zote, ulipitia mikononi mwake, akaupa namba kwa kalamu nyekundu na kuutia katika faili lake.

Hapo ndipo Jumatatu, tarehe 5 Oktoba 1987, alipoandika barua iliyotiwa sahihi na wanawake kumi na mmoja, wapiga chapa, wahasibu, wafagiaji na mwanasheria mmoja, wakiomba stoo ya ghorofa ya chini, iliyojaa viti vilivyovunjika miguu, isafishwe na kufanywa chumba cha kutunzia watoto wachanga wa watumishi, chenye mlezi mmoja, magodoro sita na beseni. Hawakuomba zaidi ya hayo. Alilifungulia ombi lile faili jipya, akaandika jina lake juu ya jalada kwa mwandiko ule ulionyooka, Chumba cha Watoto, akampelekea mkubwa, na likarudi na maneno haya: lirudi kwangu baada ya miezi sita. Akaandika katika daftari la kumbusho, na miezi sita ilipotimia akalitoa, akalipeleka, likarudi na maneno yale yale, naye akaandika tena. Kuanzia Aprili 1988 hadi Oktoba 1998 alilibeba faili lile mara ishirini na mbili, kwa mikono yake, kama karani, kupeleka ombi lake mwenyewe, na kulirudisha rafuni, kama karani, kwa amri aliyopewa. Wakubwa walibadilika wanne. Waliotia sahihi walihamishwa, walistaafu, wawili walifariki. Dada yetu alitoka katika boksi, akasimama, akatembea, akaanza shule.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 2 Mei 1991, na tarehe 12 Agosti mwaka huo huo mama alichaguliwa kwenda chuo cha utumishi kwa mafunzo ya bweni ya miezi tisa, ambayo bila hayo karani hapandi kuwa ofisa. Barua ya chuo, katika kifungu cha saba, ilisema mshiriki asije na mtoto. Aliomba kwa maandishi aruhusiwe kupanga chumba nje ya bweni na kwenda na mtoto wake wa miezi mitatu, akajibiwa kwamba nafasi yake imeahirishwa, na mwaka uliofuata akachaguliwa tena, lakini baba alikuwa kituo cha mbali, watoto walikuwa wawili, na chuo hakikuwa kimebadilisha kifungu cha saba. Katika faili lake binafsi iliandikwa kwamba amepewa nafasi ya mafunzo mara mbili akaikataa. Karatasi hiyo pia aliipokea yeye, akaisoma akiwa amesimama, akaipa namba.

Neno lile, akaikataa, lilimtangulia katika kila usaili. Tarehe 8 Juni 2004, alipoitwa mbele ya jopo kwa nafasi ya ofisa wa kumbukumbu, swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa watoto wake anawaacha na nani, naye akauliza kwa adabu kama aliyetoka mlangoni kabla yake, baba wa watoto watano, ameulizwa hilo. Jopo lilicheka. Yule baba wa watoto watano alipewa nafasi, na mama, ambaye ndiye aliyemfundisha kufunga uzi wa faili, alimfundisha na kazi mpya.

Mimi nilizaliwa tarehe 30 Agosti 1997. Sasa naomba mnisikilize kwa makini, kwa maana sehemu inayofuata ndiyo aliyotuachia kama wosia, na ndiyo iliyoleta mabishano katika familia.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 17 Novemba 1998, mtoto wake mdogo, wa mwaka mmoja na miezi miwili na nusu, aliamka na homa kali. Jirani yetu mpendwa, Mama Mapacha, aliyekuwa akimtunza, alikuwa na mapacha wake wote wawili kitandani kwa surua, akamwambia mama akiwa mlangoni, “Shoga yangu, leo ukiniletea huyo utakuwa unanizika.” Baba alikuwa safarini. Mama alikuwa na barua mbili za onyo kwa kuchelewa, na ya tatu ingemfikisha mbele ya kamati ya nidhamu. Akamvua dada yetu sare ya shule, mtoto wa miaka kumi na mmoja, siku ya mtihani wa mwisho wa mwaka, akamwachia mgonjwa, beseni la maji na kitambaa, akaenda kazini.

Siku hiyo zilikuja barua arobaini na moja. Mama alituambia kwamba mikono yake ilikuwa masjala na masikio yake yalikuwa nyumbani, kwamba alikuwa akisoma vichwa vya barua tu na kuzitia namba huku akitazama saa ya ukutani, akingoja saa sita aombe ruhusa. Barua moja ilikuwa na kichwa cha habari kisemacho Matumizi ya Stoo ya Ghorofa ya Chini, naye akaipa namba 112, akaitia katika faili la Stoo na Samani Chakavu, tena katika juzuu la kwanza, lililokwisha kujaa na kufungwa uzi, ambalo halipelekwi tena kwa mtu yeyote. Saa sita na dakika kumi alipewa ruhusa, akakimbia, akamkuta mtoto ameshapoa homa, amekaa sakafuni anatafuna kiatu namba tano. Mtoto huyo ndiye anayewasomea. Dada yetu, aliyekosa mtihani, alirudia darasa.

Barua ile ilikuwa kibali. Mkubwa wa nne, miezi michache kabla, alikuwa amelipeleka ombi makao makuu, na makao makuu walikuwa wamekubali yote, stoo, mlezi, magodoro sita na beseni, kwa sharti moja tu, kwamba chumba kiwe kimefunguliwa kabla ya tarehe 30 Juni 1999, la sivyo fungu lake litapelekwa kwingine. Tarehe hiyo ikapita. Makao makuu walichukulia kimya cha ofisi kuwa haikihitaji chumba, na ofisi ilichukulia kimya cha makao makuu kuwa hawajajibu, na hakuna aliyeandika kuuliza, kwa kuwa kusubiri kulikuwa rahisi kuliko kuuliza. Mama aliendelea kulitoa faili la Chumba cha Watoto kila baada ya miezi sita na kulipeleka mezani, likarudi na maneno mapya kidogo, bado tunasubiri jibu. Alisubiri pamoja nao, miaka kumi na mitano, jibu alilolifungia yeye mwenyewe kwa uzi, hatua nne kutoka kitini pake.

Aliikuta Alhamisi, tarehe 6 Februari 2014, alipoagizwa kutoa mafaili ya zamani yakachomwe. Aliniambia kwamba alilifungua juzuu lile ili kuhakikisha tu, akaona namba 112 kwa mwandiko wake, akaisoma barua hadi mwisho kwa mara ya kwanza, akakaa chini kati ya rafu ya saba na ya nane, na Mzee Kikohozi, ambaye alikuwa amestaafu na kuja siku ile kufuatilia karatasi zake, alipomwuliza kama anaumwa, akamjibu kwamba ni vumbi. Kuichoma hakuweza, kuitia mahali pake hakuthubutu, kwa kuwa alikuwa mjane wa miaka mitano, mimi nilikuwa sekondari, na kosa la kupoteza barua ya serikali kwa muda ule lingeweza kumwondoa kazini bila kiinua mgongo. Akaiweka katika ile droo inayokwama, chini ya gazeti lililotandikwa, na kila asubuhi kwa miaka minane alifungua droo hiyo kutoa kalamu nyekundu.

Katika miaka hiyo minane, ndugu waombolezaji, dada yetu aliajiriwa katika ofisi ile ile, tarehe 2 Machi 2015, mpiga chapa daraja la pili, akajifungua mtoto wake wa kwanza tarehe 19 Julai 2017, na maisha yakaanza upya kutoka mwanzo, zile dakika ishirini, yule msichana anayeondoka, zile asubuhi za mlangoni kwa jirani. Alichelewa, akapewa onyo, akachelewa tena. Barua tatu za onyo zilipelekwa masjala zitiwe katika faili la dada, na aliyezitia, akazipa namba 14, 17 na 21, ni mama yake mzazi, mwenye kibali cha chumba cha watoto ndani ya droo. Dada aliacha kazi tarehe 31 Mei 2019. Jioni ile alimwambia mama, “Usijilaumu, mama, wewe ungefanya nini?” na mama akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Jumatatu, tarehe 7 Machi 2022, wiki yake ya mwisho kazini, alitoa barua ile chini ya gazeti, akaitia katika faili la Chumba cha Watoto, akaipa namba 71, na chini yake akaandika dokezo kwa mkubwa wa idara, yule yule baba wa watoto watano aliyefundishwa naye kufunga uzi, akisema: kibali hiki kilikuwa katika faili lisilo lake tangu tarehe 17 Novemba 1998 kwa kosa la mkono wangu, na nilijua tangu tarehe 6 Februari 2014, nami niko tayari kwa hatua yoyote. Alikaa siku tatu akingoja kuitwa. Alivaa nguo zake nzuri siku zote tatu. Alhamisi, tarehe 10 Machi, faili lilirudi, na kosa halikutajwa, miaka ishirini na mitatu haikutajwa, jina lake halikutajwa, palikuwa na mstari mmoja tu: imeonekana, lirudi kwangu baada ya miezi sita.

Alituambia kwamba aliogopa adhabu kwa miaka minane, lakini hakuna kilichomvunja kama kukosa hata hiyo adhabu. Ijumaa, tarehe 11 Machi, siku yake ya mwisho kazini, tendo lake la mwisho lilikuwa kufungua daftari la kumbusho na kuandika.

UGONJWA NA MAUTI

Marehemu alikuwa akisumbuliwa na figo tangu Mei 2021, akificha, akienda kliniki siku za mapumziko ili asiombe ruhusa. Tarehe 19 Aprili 2022 alianguka jikoni, akalazwa, na kuanzia hapo akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, akilala saa nne nzima amefungwa kwenye mashine, akasema kumbe ameshazoea kukaa mahali pamoja.

Jumapili, tarehe 21 Agosti, mbele ya watoto wake watatu na kaka yake, aliamuru niandike habari hii yote na kuisoma leo. Mjomba wetu, kwa mapenzi aliyokuwa nayo kwa dada yake, alikataa, akasema, “Msibani watu huja kulia, dada, hawaji kusomewa kesi.” Mama akamwambia, “Kaka, nimetunza karatasi za watu miaka thelathini na tisa, yangu moja nayo iwekwe mahali pake.” Mjomba akasema watu watamsema vibaya. Mama akasema, “Waniseme wakiwa na habari kamili.” Kisha akamgeukia dada yetu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaijua siri ile siku hiyo, na dada, ambaye alikuwa na haki ya kuondoka, alivuta kiti akasogea karibu, akamfunika miguu. Hakuna aliyemwomba maneno zaidi ya hayo, nami siyaongezi.

Mama yetu aliaga dunia Jumanne, tarehe 6 Septemba 2022, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini. Ameacha watoto watatu na wajukuu wanne.

SHUKRANI

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyekubali mashine yake iitwe namba tatu ingawa ilikuwa ya saba. Tunamshukuru Mama Mapacha na majirani wote, ambao milango yao ilikuwa chumba cha watoto wakati hapakuwa na kingine. Tunamshukuru Mzee Kikohozi, na ninamwomba asisimame, tumemsikia. Tunawashukuru watumishi wenzake, pamoja na mkubwa wa idara, aliyefika na kukaa nasi tangu asubuhi.

Mwisho kabisa, nina ujumbe kwa baadhi yenu. Kabla ya kustaafu marehemu alizihesabu fomu zote za likizo ya uzazi alizozitia mafailini kuanzia tarehe 1 Julai 1999, siku ya kwanza baada ya kibali kukoma, hadi siku aliyoondoka, akapata themanini na tatu. Wengi wa wenye fomu hizo nawaona hapa, wengine mmewabeba watoto. Aliniagiza niwaambie maneno haya, nami nayasoma kama alivyoyatamka: “Nawaomba mnisamehe, lakini msinisamehe bure, fungueni stoo.”

Keshokutwa ni Jumatatu, tarehe 12 Septemba 2022. Yeyote atakayeingia masjala asubuhi hiyo na kufungua daftari la kumbusho ataona mwandiko wa mama yetu, mstari mmoja tu ukurasa mzima, Chumba cha Watoto, na ufunguo wa stoo unaning’inia nyuma ya mlango, msumari wa tatu, una kibandiko chenye namba tisa, aliyoiandika yeye.

Mama, tarehe zote nimezisoma, sikupunguza hata moja. Lala salama, zamu ya kukumbusha si yako tena.